Mikono ya Gauni la Mwajuma

Mwezi uliopita kijana wangu aliniletea mchele kutoka Igunga, ndani ya gunia jipya la nyuzi, si haya ya plastiki tuliyoyazoea siku hizi. Akaliegemeza kwenye ukuta wa jiko, akaenda zake. Nilipoingia nikakutana na ile harufu yake: vumbi kavu, mafuta kidogo, na kitu kama majani yaliyokaa sana juani. Nikamwita arudi alitoe nje. Akaniuliza kama lina panya. Nikasema ndiyo, lina panya, maana sikujua namna ya kumweleza mtu mzima mwenye watoto wake kwamba mama yake anakimbia gunia.

Jioni ile nilikaa uani nikamfikiria shangazi yangu. Kwa hiyo nitayasema hapa, kwa watu wa rika langu ambao hawatahitaji kuelezwa foleni ya duka la ushirika ilikuwaje, wala kwa nini mita nne za kitambaa cheupe zilimfanya mama wa mtu alie kwa furaha.

Shangazi Zuhura, dada yake baba, alikuwa fundi cherehani pale Tabora mjini, mtaa wa Gongoni. Baba na mama walikuwa wamehamia kijiji kipya cha ujamaa upande wa Usinge. Nyumba zilikuwa zimekwisha kupangwa kwa mistari na bendera ilikuwa imepandishwa, lakini shule ilikuwa bado nguzo nne. Nikapakiwa kwenye treni na nguo mbili na kidumu cha asali, nikakabidhiwa kwa shangazi, ambaye hakujaliwa mtoto. Alinipokea stesheni, akanitazama kuanzia kichwani mpaka miguuni, akasema gauni nililovaa limekatwa vibaya mabegani. Kesho yake asubuhi nilikuwa na jipya.

Kazi yake kubwa ilikuwa kuwavika mabibi harusi. Familia nyingine za pale mjini zilishika ya zamani: binti alifungwa kanga za kisutu, moja kifuani na moja kichwani, akafukizwa udi, akakaa ndani akisubiri. Nyingine zilitaka gauni jeupe. Mabinti walikuja na picha zilizokatwa kwenye magazeti ya Dar es Salaam, mabega wazi, mikono mifupi, na shangazi alizipokea picha hizo kwa adabu, akazitazama, akaziweka chini ya mkasi. Kisha alishona gauni lake lilelile: shingo imefungwa, mikono mirefu, kiuno kisichobana, pindo linalofunika vifundo vya miguu, na ushungi mwembamba juu. Wakati ule vijana wa chama walikuwa wakizunguka mjini wakiwasimamisha wasichana wenye sketi fupi, na watu wakamwambia shangazi kuwa sasa serikali imeanza kufuata mshono wake. Hakucheka. Alisema yeye hashoni kwa kumwogopa mtu. Anayekuja kumtazama bibi harusi, alisema, aone uso. Mengine ni ya mwenyewe.

Nilipenda chumba kile. Kilikuwa na dirisha moja, cherehani ya kukanyaga, na kipande cha nta ya nyuki ambacho shangazi alipitishia kila uzi wa kushonea kwa mkono ili usikatike. Nta ile ilinukia asali ya kwetu. Kazi yangu ilikuwa kuokota pini zilizoanguka kwa kutambaa sakafuni, na kuwasha pasi ya mkaa. Lakini kila bibi harusi alipokuja kupimwa nilitumwa nje. Kachote maji, Zena. Kanunue uzi. Mlango ulifungwa na pazia likashushwa, na mimi nikakaa barazani nikiamini kwamba ndani mle hufanyika jambo kubwa ambalo watu wazima wananinyima.

Mwajuma alikuwa binti wa Bi Kidawa, mjane wa mtaa wa pili aliyepika vitumbua. Alikuwa mrefu, mwenye sauti ya chini, na akinamama walimtaja kwa binti zao kama mfano. Hata joto lilipokuwa kali kabisa, mvua zikiwa bado hazijaanza, hakuonekana nje bila buibui, na hata ndani ya nyumba ya mama yake alivaa mikono mirefu. Alikuwa amechumbiwa na kijana aitwaye Idrisa, karani wa kituo cha kununulia tumbaku huko Urambo. Kitambaa chake kilipopatikana, baada ya Bi Kidawa kupanga foleni siku mbili, kililetwa kwa shangazi kikiwa kimefungwa ndani ya kanga kama mtoto mchanga.

Siku ya kupima mikono ya gauni lile, vidole vya shangazi vilikuwa vimevimba, kama vilivyofanya mara kwa mara. Hakuweza kushika kitambaa na pini kwa pamoja. Nilikuwa nimekwisha kufika mlangoni na ndoo yangu aliponiita nirudi.

Mwajuma alivua buibui, akavua na blauzi, akabaki na kanga kifuani. Mkono wake wa kushoto, kuanzia juu kidogo ya kifundo mpaka kwenye kiwiko, ulikuwa na mabaka meupe, kama maziwa yaliyomwagika juu ya meza nyeusi. Wa kulia ulikuwa na mawili madogo. Na chini ya sikio lilikuwapo jingine, refu, lililoshuka mpaka begani.

"Pini, Zena," shangazi alisema.

Nilikuwa nimesimama nazo mkononi. Shangazi akarudia, kwa sauti kali kidogo.

"Mwache atazame, Bi Zuhura," Mwajuma alisema. "Akishatazama atazoea."

Nikampa shangazi pini moja moja. Akamwonyesha Mwajuma kwa chaki mahali hina itakapoishia, pale kwenye kifundo cha mkono, na kwamba mkono wa gauni utaanzia hapohapo, wenye vifungo vidogo vilivyofunikwa kwa kitambaa, vishikane kiasi kwamba hata akiinua mkono kupokea zawadi hautapanda. Shingoni ataweka kola ya kusimama, na ushungi utashuka mbele ya masikio. Siku ya wanawake kuja kumtazama bibi harusi hakuna atakayeona kitu. Mwajuma alisikiliza, kisha akasema kwamba Idrisa mwenyewe anajua. Alimwandikia barua mapema kabisa, naye akajibu kwamba yuko palepale. Ila wazee wake ndio hawajui, na Idrisa ameona afadhali wajue baadaye, Mwajuma akiwa ameshakuwa mke, wakati watakapokuwa wamekwisha kumpenda. Aliyasema haya kwa furaha, akitazama mkono wake ndani ya kitambaa cheupe kilichoshikizwa kwa bandi za muda.

Alipoondoka, shangazi alikaa kwenye kiti chake, akanivuta karibu.

"Ulichokiona ni cha Mwajuma," alisema. "Si chako, wala si changu. Umenisikia?"

Nikasema nimesikia. Na kweli nilisikia. Siwezi kujitetea kwa kusema sikuonywa.

Lakini nisiwafiche kile kilichokuwa kichwani mwangu. Kijijini kwetu kabla ya kuhamishwa alikuwapo mzee mmoja, Mzee Kasanda, aliyeishi peke yake kando ya mashamba. Vidole vyake vilikuwa vimekatika. Tulikatazwa kuchukua kitu chochote mkononi mwake, hata mhindi wa kuchoma, na mama alituambia kwamba ugonjwa ule ulimwanza kwa baka jeupe mkononi, akaficha. Halafu pale shuleni Tabora, muhula uleule, mwalimu wa somo la afya alitufundisha juu ya ukoma. Alisema una dawa. Alisema mwenye baka asifichwe, apelekwe hospitali, na anayemficha mgonjwa anawakosea wote. Tuliimba hayo kwa pamoja mpaka tukayashika. Kwa hiyo nilipomwona Mwajuma, nilimwona na Mzee Kasanda, nikaanza kuvitazama vidole vyake vizuri na kuvionea huruma. Usiku niliviota vikianguka kimoja kimoja ndani ya gauni jeupe, na mimi nikitambaa kuviokota pamoja na pini.

Neno mbalanga nilikuwa sijawahi kulisikia.

Hayo ndiyo niliyokuja kujiambia kwa miaka mingi: kwamba nilikuwa mtoto, nilifundishwa, nilitaka kumsaidia. Yote ni kweli. Lakini kuna jingine pia, nalo ndilo ambalo halikuniacha. Dada mdogo wa Idrisa, Tausi, alikuwa darasani kwangu. Alikaa kwa baba yake mdogo huko Kanyenye ili asome mjini. Tausi alikuwa na viatu vya raba na kamba nyeupe, na alikuwa na kundi la wasichana wanaomfuata, na mimi sikuwa mmoja wao. Mimi nilikuwa mtoto wa kijijini ninayesema Kiswahili chenye Kinyamwezi ndani yake. Tangu harusi ilipotangazwa Tausi hakuwa na mazungumzo mengine.

Ilikuwa siku ya kazi katika shamba la shule. Tulikuwa tukipalilia karanga, jembe moja kwa watoto wawili, na kwa bahati nikawekwa na Tausi. Wasichana wengine walikuwa karibu. Akaanza kusema kaka yake anaoa mwanamke mzuri kuliko wote wa Tabora, na kwamba yeye ndiye atakayekaa miguuni pake siku ya kutazamwa. Akaniuliza kama hata nimewahi kumwona.

"Nimemwona," nikasema.

"Uso tu. Kila mtu ameuona uso wake."

"Mimi nimemwona mpaka mikono."

Majembe yakasimama. Sijui kama katika maisha yangu yote, pamoja na miaka niliyosimama mbele ya madarasa, nimewahi kusikilizwa vile. Tausi akaniuliza mikono yake ina nini. Nilikuwa na nafasi ya kusema ina bangili. Nilikumbuka uso wa shangazi akiniambia si chako wala si changu, nikauona vizuri, na bado nikasema.

"Ina ukoma. Ndiyo maana anashonewa mikono mirefu. Ninyi mmefichwa."

Tausi aliinama akaendelea kupalilia. Kwenye kurudi darasani alinishika mkono, mara ya kwanza, na mimi nikatembea naye nikiwa na furaha. Nilidhani Mwajuma atapelekwa hospitali, atapewa vidonge, mabaka yatafutika na harusi itafanyika na mimi nitaambiwa asante.

Wiki ile haikwisha. Wanawake watatu wa upande wa Idrisa walishuka na treni kutoka Urambo wakaenda moja kwa moja kwa Bi Kidawa. Walikaribishwa kama wakwe, wakawekewa vitumbua na chai ya rangi. Hawakugusa. Mkubwa wao alisema wamekuja kumwona binti mikono. Bi Kidawa aliwaambia hiyo si desturi, wangoje siku yake. Wakasema hawatoki. Wakabishana mpaka majirani wakasogea ukutani, na mwishowe Mwajuma mwenyewe akatoka chumbani. Hakubishana na mtu. Alisimama katikati ya ua, akapandisha mikono ya blauzi yake yote miwili mpaka begani, akaigeuza mbele na nyuma, akarudi ndani.

Baadaye alipelekwa hospitali, na daktari akaandika kwenye karatasi kwamba si ukoma, ni mbalanga, haiambukizi wala haiui. Idrisa alisafiri na karatasi ile kwenda kwa baba yake. Lakini neno la kwanza lilikuwa limekwisha kufika Urambo, na karatasi ilikuja nyuma yake. Wazee walisema hata kama si ukoma, watamwelezaje kila mtu? Walimpa Idrisa siku tatu za kufikiri. Sijui alifikiri nini. Posa ikavunjwa, na kabla mvua hazijaisha akaoa binti mwingine hukohuko.

Haya nilikuja kuyajua kwa vipande, kwa kusikiliza wakubwa. Lile ambalo nililiona kwa macho yangu ni Bi Kidawa kuja kwetu. Ilikuwa asubuhi ya Jumamosi. Shangazi alikuwa akishona vifungo kwenye mkono wa kushoto wa gauni la Mwajuma, na mimi nilikuwa napiga pasi vipande vya ushungi. Bi Kidawa hakupiga hodi. Alisimama mlangoni, kanga imemwanguka kichwani naye hakuiinua. Shangazi alimkaribisha, akamwambia aketi. Hakuketi.

"Mikono ya mwanangu tuliijua watatu," alisema. "Mimi niliyemzaa, mwenye kumwoa, na wewe. Nilikupa mwanangu umshonee, Zuhura. Umemfumua."

Shangazi aliweka sindano chini. Akasema pole, akasema yeye hakumwambia mtu. Bi Kidawa akauliza, basi nani? Nani mwingine aliingia chumba hiki?

Macho yake yalizunguka chumbani. Yalipita kwenye cherehani, yakapita kwangu kama yalivyopita kwenye kigoda, yakaenda dirishani. Mtoto hakuhesabiwa. Nilikuwa nimeshika pasi, nayo imesimama juu ya kitambaa, na nikasikia harufu ya kuungua ikianza. Shangazi naye aliisikia. Akageuka, akanitazama. Hakutazama kitambaa. Alinitazama mimi, usoni, kwa muda ambao mtu angeweza kuvuta pumzi mara mbili. Kisha akaichukua ile pasi mkononi mwangu, akaiweka kwenye kibati chake.

"Hakuna mwingine," alimwambia Bi Kidawa. "Kama limetoka humu ndani, limetoka kwangu."

Bi Kidawa akaondoka. Mimi nikangoja kupigwa. Nilitaka kupigwa, nilikuwa nimekwisha kukaza mabega. Shangazi akanituma maji.

Baada ya hapo hakuna mama aliyemleta tena binti yake katika chumba kile. Hawakumtukana. Walimsalimu njiani, wakaitikia shikamoo zangu, wakapita. Lakini fundi wa bibi harusi huona mwili wa binti kabla ya mume wake, na wanawake wa Gongoni waliona shangazi yangu ana mdomo. Alishona sare za shule kwa muda, mpaka mtu mwenye bei ndogo akazichukua. Ndipo akapata kazi ya magunia. Kule Urambo tumbaku ikishapangwa hufungwa ndani ya vitambaa vya gunia, na mtu mmoja mjini alikuwa akigawa kazi ya kuvishona. Yakaja kwa mkokoteni, mafungu kwa mafungu, yakajaza chumba mpaka dirishani. Yalirudi mengine yakiwa yametumika, yana matobo, yananuka tumbaku. Cherehani yake haikuyaweza, kwa hiyo aliyashona kwa mkono, kwa sindano nene kama msumari mdogo na kamba iliyomkata vidole vilevile vilivyovimba. Vumbi lilimkalia kifuani. Alikohoa asubuhi, akakohoa jioni, na mimi nikitoka shule nilikaa mbele yake nikimshikia pembe ya gunia ili alinyooshe.

Tausi alihamia kwenye dawati langu. Alitaka kujua mambo mengine. Nilimwambia sijui kitu, akanichoka, akarudi kwa wenzake.

Mara moja nilijaribu kusema. Ilikuwa alasiri, mwezi wa mfungo, kinywa kimekauka, na shangazi alikuwa amejichoma kidole na kukifunga kitambaa. Nikamwita. Nikasema, "Shangazi, yale mambo ya dada Mwajuma."

Hakuinua kichwa. "Yamekwisha kusemwa," alisema. "Shika pembe yako vizuri."

Nikashika. Mpaka leo sijui kama alinizuia kwa kunihurumia au kwa sababu hakutaka kuyasikia kwa masikio yake yale aliyokwisha kuyajua. Ninachojua ni kwamba nilipumua. Nilifurahi kuzuiwa.

Nikafaulu, nikaenda sekondari ya bweni, kisha chuo cha ualimu, kisha nikapangiwa kazi Mwanza. Likizo nilikuja Tabora na sukari, sabuni, vitenge. Kila safari, ndani ya treni, niliyapanga maneno. Kila safari nilimkuta barazani, mwembamba zaidi, akifurahi kuniona, akishika nguo niliyovaa mabegani kuangalia imekatwaje, na maneno yangu nikarudi nayo Mwanza. Nilijiambia kwamba ni mzee, nisimsumbue. Nilijiambia hayo hata alipokuwa bado si mzee. Alifariki mimi nikiwa kwenye kusahihisha mitihani, na nilifika akiwa amekwisha kuzikwa.

Arobaini yake ilipofika nilirudi. Wanawake wengi wa mtaa walikuja kusoma dua na kupika, wakamsema vizuri, na mmoja akataja kwamba Mwajuma hajaonekana, wala mazishini hakuja, ingawa yuko palepale mjini, mtaa wa Cheyo. Mwenzake akamgusa goti anyamaze. Nikauliza nyumba yake iko wapi.

Nilikwenda kesho yake asubuhi. Nilikuwa nimesikia kwamba aliolewa akiwa mtu mzima, na mfanyabiashara wa asali aliyefiwa na mkewe, kwa kanga mbili tu za kisutu, akakataa kushonewa chochote. Nilimkuta barazani kwake anachambua mchele. Alikuwa amevaa gauni la kitenge lisilo na mikono kabisa. Mabaka yalikuwa yameenea na kukutana; mikono yote miwili sasa ilikuwa myeupe kuanzia vidoleni mpaka begani, na aliikunjua kupokea mkono wangu bila haraka. Nilisema shikamoo. Alisema marahaba, akaniuliza mimi ni wa nani.

Nikamwambia mimi ni Zena, wa Bi Zuhura. Mikono yake ikasimama ndani ya ungo.

Nilimwambia yote, palepale, nikiwa sijakaribishwa kuketi. Pini, somo la afya, Mzee Kasanda, shamba la karanga. Nilimwambia maneno yenyewe niliyoyasema. Nilimwambia na lile la Tausi kunishika mkono, maana nilikuwa nimeapa kwamba nikisema sitabakiza. Nikamwambia shangazi yangu hakufungua mdomo wake, wala siku ile wala baadaye, na kwamba nimekuja kuomba msamaha.

Aliokota chuya moja kwenye mchele, akaitupa. Kisha akasema, "Wewe ndiye uliyeshika pini. Hata sikukuhesabu."

"Ndiyo, dada."

"Bi Zuhura alikuja kwa mama mara tatu," alisema. Alikuwa akiutazama ungo. "Mara mbili za kwanza niliwaambia watu waseme sipo. Mara ya tatu alikuja na furushi, akakaa barazani kwetu kuanzia asubuhi mpaka adhuhuri. Mimi niko nyuma ya pazia, karibu kama ulivyosimama wewe hapo. Hakujitetea. Alisema, Mwajuma mwanangu, nimelimaliza gauni, lichukue, siku moja utalihitaji. Nikamtuma mama akamwambie alivae mwenyewe."

Nikauliza kama aliambiwa hivyo.

"Aliambiwa. Akanyanyuka akaenda. Na miaka yote hii tukikutana sokoni nilikuwa nageuza uso. Nimemwombea mabaya, Zena. Nimeinua mikono hii nikamwombea mabaya."

Sikuwa nimejua lolote la safari hizo. Nilikuwa nikiishi nyumba moja naye, nikila mezani pake, na sikujua. Nilianza kulia, nikamwambia tena anisamehe.

"Wewe nimekusamehe," alisema. "Ulikuwa mtoto. Mimi sikuwa mtoto."

Akauweka ungo chini. Akapangusa uso kwa mkono wake mweupe, kwanza jicho moja, kisha la pili, na alipoongea tena hakukuwa na hasira katika sauti yake, ilikuwa ileile sauti ya chini niliyoisikia ndani ya chumba cha shangazi.

"Ungekuja akiwa hai," alisema.

Mjukuu wake aliingia kutoka shule akitaka chakula, naye akainuka kumpakulia, akimgeuzia mtoto mgongo ili asione uso wake. Nilivaa viatu vyangu pale barazani peke yangu.